Mauntibodi ya pamba asilimia 100: nimekaa nayo masika mawili, Mbeya na Tukuyu

Nianze na picha yenyewe maana bila hiyo hata nisingejua kama hizi kadi za ndani ya fremu zipo. Ni picha ya babu mzaa baba, nyeusi na nyeupe, ndogo tu, sentimita 9 kwa 14, amesimama hapa Mbeya mwaka 1973 na wenzake wawili wa kazini, mmoja Mchina, nyuma yao mataruma yamepangwa. Ndo enzi reli ya TAZARA inajengwa, walianza 1970 wakamaliza 1975, na babu alikuwa kibarua. Hatuna picha nyingine ya babu akiwa kijana. Ni hiyo moja, na nyuma yake kuna mwandiko wake wa penseli, jina lake na mwaka, basi.

2009 baba akaipeleka kwa fundi wa fremu mjini, ikarudi iko kwenye fremu ya dhahabu, kioo kinang'aa, pembeni imezungushiwa kadi ya rangi ya maziwa, tukaona sasa babu yuko salama. Ikaenda kutundikwa sebuleni kwa bibi Tukuyu. 2023 mwezi wa saba nimeenda kumsalimia bibi, nikaitazama vizuri nikaona kama kivuli cha kahawia kimeizunguka picha, nikasema labda vumbi limeingia, nikaishusha nikafungua nyuma kwa bisibisi. Jamani. Nyuma kabisa fundi aliweka kipande cha silingibodi, picha imebandikwa selotepu pande zote nne, na hiyo selotepu imeshakuwa rangi ya asali, gundi yake imepenya mpaka upande wa mbele. Ile kadi ya maziwa, pale ilipokatwa dirisha kuna ule ukingo wa mshazari ambao ikiwa mpya unakuwa mweupe, sasa umekuwa kama chai ya rangi, na pale ukingo ulipolala juu ya picha umeacha mstari wa kahawia uliozama kwenye karatasi yenyewe, haufutiki. Alafu kwa kuwa picha ilikuwa imebanwa pande nne, kila masika ikivuta unyevu ikitaka kutanuka haina pa kwenda, kwahiyo ikavimba katikati kama kitumbo, ikagusa kioo, ikanata. Mi sikujua, nikavuta. Kipande kama kucha ya kidole gumba kikabaki kwenye kioo, na kipande hicho ndo mkono wa kushoto wa babu.

Kwahiyo nikikwambia kwamba kadi ya ndani ndo kitu cha kuuliza kwanza kabla ya fremu na kabla ya kioo, hilo neno nimelilipia. Na kama unayo picha imenata kwenye kioo, usivute hata kidogo, iache hivyohivyo ipigwe skana ikiwa kwenye kioo chake, uwe na nakala kwanza, mengine baadaye.

Haya, kwa ambao hawajui naongelea nini, ni ile kadi nene yenye dirisha katikati inayokaa kati ya picha na kioo. Mafundi wa huku wengi wanaiita maunti, wengine mauntibodi, wengine kadi ya ndani. Watu tunadhani ni urembo. Urembo upo, picha inapata pa kupumua, lakini kazi yake hasa ni kuitenga picha na kioo. Kadi ya unene wa kawaida ni kama milimita moja na nusu, na hiyo milimita moja na nusu ya hewa ndo inafanya picha isinate siku kioo kikitoa jasho, ilimradi picha haijabanwa ikavimba kama ya kwetu. Sasa tatizo ni kwamba hiyohiyo kadi inagusa picha masaa 24, miaka na miaka, kwahiyo chochote kilichomo ndani yake kitahamia kwenye picha.

Na kilichomo ni mti. Sisi watu wa nyanda za juu kusini hatuhitaji kufundishwa karatasi inatoka wapi, ukipita Mafinga unaona misindano ya Sao Hill imesimama mistari mpaka macho yanachoka, malori ya magogo yanashuka Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi, wote tumekua tunayaona. Mti una kitu kinaitwa lignini, ndo kinachoushika usimame wima, ni kama gundi ya nyuzi zake. Ukisaga mti ukatengeneza karatasi bila kuiondoa lignini, ile karatasi ikikutana na mwanga na hewa inageuka njano na inazaa asidi. Chukua gazeti liweke dirishani penye jua wiki tatu tu utaona, hiyo ni lignini. Kadi za bei rahisi ndani ni mti uliosagwa, juu wamebandika karatasi nzuri ya rangi, kwahiyo unanunua gazeti nene lililovaa koti.

Juu yake kwa ubora kuna kadi ambazo bado ni za mti lakini zimesafishwa lignini ikatoka, zikabaki nyuzi safi, hizo zinaitwa za alfa selulosi. Na juu kabisa kuna za pamba tupu, ambazo pamba yenyewe tangu shambani haina lignini ya kusumbua. Nyingi za aina hizi mbili wanaongezea kalsiamu kaboneti, yaani jamii ya chokaa, ili asidi ikitoka hewani au kwenye picha yenyewe ikute kitu cha kuikabili.

Niseme na hili maana limeniuma nilipolijua: usidanganyike na maneno "haina asidi" peke yake. Kadi ya mti ukiichanganya na hiyo chokaa leo, leo hii ukiipima haina asidi kweli, muuzaji hajasema uongo. Lakini lignini bado iko mle ndani, na chokaa ikishakwisha nguvu asidi inarudi, na wewe umeshapigilia misumari umesahau. Uliza haina asidi NA haina lignini, au uliza moja kwa moja kama ni pamba au alfa selulosi. Muuzaji akikutolea macho basi umeshapata jibu.

Mi nilichukua Crescent RagMat, ya Marekani, pamba asilimia 100, unene wa kawaida ule wa tabaka nne, rangi nyeupe iliyolainika siyo ile nyeupe ya karatasi ya fotokopi. Kadi nzima huwa ni inchi 32 kwa 40, haiingii kwenye sanduku la ndege hata ufanyeje, lakini ukiikata mara nne unapata inchi 16 kwa 20 na hiyo inalala vizuri kabisa chini ya nguo. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi kulekule, akanunua kumi zilizokwisha kukatwa hivyo akaja nazo Dar mwezi wa nane 2023. Zilinitoka kama laki mbili na arobaini zote, sawa na elfu 24 moja. Nilikuwa nishazoea kadi ya hapa mjini elfu saba na ni kubwa mara nne, kwahiyo sitaki kukuficha, ni pesa.

Kutoka Dar zikaja kwa basi kama parseli. Dada alizifunga vizuri kati ya maboksi, akaandika kwa maka nyekundu ZISIKUNJWE ZILAZWE CHINI, lakini zilipofika stendi nikazikuta zimesimamishwa wima kwenye buti, zimeegemewa na kreti la vifaranga. Kona za kadi tatu zimepondeka. Pamba ikipondeka haikunjuki tena, siyo kama karatasi utapiga pasi, ule mpondeko unabaki. Wakanipa pole tu, fidia hakuna. Ushauri wangu funga kati ya vipande viwili vya plaiwudi, siyo maboksi, na ukiweza mpe mtu anayesafiri akae nazo mkononi.

Ila vile vipande vya kona vilivyoharibika havikuenda bure, ndo nilivitumia kupimia, na hapa ndo patamu.

Dada aliniletea pia peni ya kupimia asidi. Unachora mstari kwenye karatasi unasubiri dakika chache, wino ukigeuka zambarau karatasi ni salama, ukibaki njano kuna asidi. Nikachora kwenye kadi ya pamba juu: zambarau. Nikaikata nikachora kwenye nyama ya katikati: zambarau ileile. Nikachukua kipande cha kadi ya hapa mjini, mpya, nyeupe ndani na nje, nikachora juu ikawa zambarau nikashangaa, nikasema mbona nzuri tu. Alafu nikaibandua ile ngozi ya juu kwa wembe nikachora kwenye nyama, wino ukakaa njano, nikasubiri nikanywa chai nikarudi, njano. Yaani walipaka dawa usoni tu. Na kumbuka linalogusa picha yako ni ule ukingo wa mkato, ambao ndo nyama yenyewe. Kwahiyo ukipata hiyo peni pima nyama, usipime ngozi, na tafadhali usije ukachora kwenye picha. Alafu haipimi lignini, inakwambia hali ya leo tu.

Kwa hiyo ya lignini nikafanya kipimo cha jua. Vipande viwili, cha pamba na cha mjini, nikafunika nusu ya kila kimoja kwa foili ya jikoni nikaviweka kwenye dirisha la chumba changu hapa Mbeya, mtaa wa Forest, linaloangalia magharibi, kuanzia mwezi wa tisa mpaka mwezi wa kumi na mbili. Jua la huku we unalijua, baridi linapiga lakini ukikaa nje ngozi inaungua, tuko juu karibu mita 1,700. Nilipotoa foili kile cha mjini kilikuwa na mstari kama umepigwa rula, huku nyeupe, huku rangi ya uji wa ulezi. Cha pamba nilikigeuza geuza kwenye mwanga nikamwita na mdogo wangu aangalie, hakioneshi foili ilikuwa upande gani. Mpaka leo navitembeza vipande hivyo kwenye mkoba, mtu akiniambia elfu 24 ni wizi namtolea namuwekea mkononi.

Tuje kwenye kukata. Mimi nilipeleka kwa kijana mmoja Mwanjelwa anayetengeneza fremu, mkono wake ni mzuri ila hajawahi kushika kadi ya pamba. Alipoigusa akasema "dada hii mbona laini kama andazi" na kweli ni laini, ukiigonga na kucha haitoi sauti kavu kama zile za mti, inatoa sauti ya kitambaa. Kisu chake kilikuwa kimeshakata siku nzima, akakata dirisha la kwanza kwa nyuzi 45 likatoka na manyoya, zile nyuzi za pamba zimevutwa badala ya kukatwa. Nikamwambia fundi naomba weka wembe mpya, akaweka, tofauti ni mbingu na ardhi, ukingo ukatoka laini unateleza. Kwahiyo wembe mpya, ubadilishe kila madirisha mawili au matatu, usione uchungu wa wembe wa mia tatu ukaharibu kadi ya elfu 24. Chini weka kipande cha kadi nyingine kisu kizame humo, siyo meza tupu. Na mikono iwe safi, nimesisitiza kwa sababu yule kijana alikuwa amekula chipsi, alama ya dole gumba ya mafuta ikabaki kwenye kona na pamba inanywa mafuta, haitoki kwa kifutio wala kwa mkate. Kipande kile kikawa cha nyuma.

Vipimo nilivyotumia kwa picha ya babu, kama unataka kuiga: dirisha sentimita 8.4 kwa 13.4 ili kadi iikalie picha milimita tatu kila upande, pembeni zikabaki karibu sita sita, juu 5.5 na chini 6.5. Chini acha kubwa kidogo, ukiacha sawasawa jicho linaona kama picha inateleza inashuka. Hiyo yote inaingia kwenye fremu ya kawaida ya inchi 8 kwa 10 ambayo unaipata popote. Kadi moja ya 16 kwa 20 inatoa vipande vinne vya 8 kwa 10, na unahitaji viwili kwa picha moja, cha mbele chenye dirisha na cha nyuma kizima. Cha nyuma watu wanakibania, wanaweka pamba mbele alafu nyuma wanarudisha boksi la viatu. Jamani cha nyuma ndo kinagusa picha yote, cha mbele kinagusa ukingo tu. Kama pesa ni ya kipande kimoja, anzia nyuma.

Kubandika: hakuna kubandika. Hilo ndo badiliko kubwa kwenye maisha yangu ya picha. Unaweka vikona vinne vya plastiki ya poliesta, vinabandikwa kwenye kadi ya nyuma, picha inachomekwa pembe zake humo, gundi haigusi picha hata nukta. Picha ikitaka kutanuka masika inatanuka, ikitaka kusinyaa kipupwe inasinyaa. Makumbusho makubwa kwa kazi za karatasi wanatumia vijikaratasi vya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, nao unatoka kwa maji siku ukitaka, lakini kwa picha ya nyumbani vikona vinatosha. Tahadhari, poliesta siyo zile plastiki laini zenye harufu za PVC, hizo zinatoa mvuke wake nazo zinakula picha, na zile albamu za kubandika zenye karatasi inayonata mistari mistari na nailoni juu, ambazo kila nyumba ya Tanzania tunayo moja ya harusi, kama picha bado zinatoka zitoeni wiki hii.

Nyuma ya kadi ya pili nilirudisha silingibodi maana kitu kigumu kinahitajika, ila kati yake na kadi nikatandika foili ya jikoni upana wote, ili mvuke wa silingibodi usipite. Nikafunga mzunguko wote wa nyuma na tepu ya alumini mende wasipate mlango. Na ukutani nikaweka vipande viwili vya kizibo nyuma ya fremu upande wa chini, fremu isilale kwenye ukuta, hewa ipite. Kwa Tukuyu hilo siyo pambo. Kule mvua kwa mwaka inapita milimita 2,000, kuta za nje zinakuwa na ubaridi wa maji kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tano, kwahiyo tuliitoa kwenye ukuta wa nje tukaipeleka ukuta wa katikati ya nyumba, mbali na mlango wa jikoni kwa sababu ya moshi.

Najua mtu ataniambia, picha ya pekee hivyo usiitundike, tundika nakala, halisi ifungie ndani ya kadi hizohizo kabatini gizani. Ni kweli na ndo sahihi, nilimwambia bibi hivyohivyo. Bibi akanitazama akaniambia "mama, nakala siyo mume wangu." Sikuwa na la kujibu. Tukakubaliana halisi iwe ukutani kwake mpaka atakapotaka yeye, na mi nina skana tatu sehemu tofauti.

Sasa matokeo. Iliingia ukutani mwezi wa tisa 2023, ikafuata ile mvua ya El Niño iliyotusumbua wote mpaka 2024. Nilinunua kile kipima unyevu kidogo cha betri nikakiacha juu ya kabati la bibi, kila nikipiga simu namuomba mtoto wa shangazi anisomee, mwezi wa tatu kilikuwa kinakaa asilimia 80 na kitu siku nyingi, na ukungu huanza kuota ikizidi 65 au 70 kwa muda mrefu. Julai 2024 nikafungua kuangalia. Hakuna mstari mpya. Ukingo mweupe. Kioo upande wa ndani kikavu, picha haijakigusa. Ukungu hakuna, ila kadi ya mbele ilikuwa imepinda kidogo sana, ukiiweka mezani kona moja inainuka kama unene wa kadi ya simu. Nikailaza chini ya vitabu siku mbili ikanyooka. Julai 2025 nikafungua tena, hali ni hiyohiyo, na ule mstari wa zamani wa kahawia haujaongezeka upana, nilikuwa nimeupima na rula na kuandika. Mstari wenyewe hautoki, nisikudanganye, kadi nzuri haitibu, inazuia tu.

Hiyo ya kupinda ndo lawama yangu ya kwanza. Pamba inakunywa unyevu, ni kitambaa, na kwa sehemu kama Tukuyu, Rungwe yote, na vijiji vya Mufindi vyenye ukungu wa asubuhi, itacheza. Kwa picha kubwa kuanzia inchi 16 kwa 20 ningechukua ile ya tabaka nane, milimita tatu, ni ghali zaidi lakini inasimama. Lawama ya pili ni uchafu, kama nilivyosema ukiigusa na mkono wa mafuta umekwisha. Ya tatu ni upatikanaji, hapa Mbeya sijaiona dukani, Iringa nilizunguka siku nzima na sikuipata, inabidi ujipange na mtu wa nje, na hilo linaumiza kwa sababu picha za zamani zilizo huku ni nyingi mno, za mashamba ya chai, za misheni, za shule za kati, za reli, na zote ziko kwenye kadi zinazozila sasa hivi tunavyoongea.

Na siyo kila kitu kinahitaji hii. Picha ya rangi ya juzi ambayo unayo kwenye simu, weka kadi yoyote, ikiharibika utachapa nyingine. Picha za rangi pia zinapauka kwa mwanga, na hakuna mauntibodi inayozuia jua, hapo tafuta kioo cha kuzuia mionzi au hamisha fremu tu, ni bure. Kwa zile picha za rangi ya buluu zilizochapwa kwa jua, na vitu vya hariri au sufu, hizo chukua kadi ya pamba isiyo na chokaa, maana chokaa inazidhuru, hasa ile buluu inapauka. Kwa picha za kawaida ukiona wameandika imepita kipimo cha PAT, namba ISO 18916, hiyo ndo nzuri kuliko maneno yote ya kwenye pakiti, kwa sababu wanaibana kadi na karatasi za picha siku 15 kwenye joto la nyuzi 70 na unyevu wa asilimia 86 waone kama inaipausha au kuitia madoa. Na kama elfu 24 haipo, ile ya alfa selulosi iliyosafishwa ni ya kutosha kabisa kwa picha za familia, dada aliniulizia ilikuwa kama nusu ya bei, na mi kwa picha za shangazi zangu zijazo nitachukua hiyo. Ya pamba naiweka kwa ile ambayo ipo moja tu duniani.

Bibi nilipomrudishia fremu mara ya kwanza aliishika muda mrefu, akapitisha kidole juu ya kioo pale mkono unapokosekana, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaniuliza kama mkono utarudi. Nikamwambia hapana bibi, ila hakitaondoka kingine. Kile kioo cha zamani nilikifunga kwenye karatasi safi nikakihifadhi, ule mkono uko pale bado, labda siku moja fundi wa kweli wa picha atapatikana.

Kumi zile, nikitoa kona tatu zilizopondeka na kipande kimoja cha kupimia jua, zilinipa seti 18. Nimeshatumia 14, nyingine za kwetu, nyingine za majirani walionisikia. Zimebaki nne, moja ni ya picha ya harusi ya shangazi Kyela, 1986, ambayo saivi iko kwenye fremu ya mbao nyuma ameweka kalenda. Nitaikata mwezi wa saba, kipupwe kikiwa kikavu na kadi imelala sawa, na wembe nimeshanunua.